Taa Inayometa Polepole Inameta Mara Ngapi kwa Dakika?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo kwa haraka linaweza kuonekana dogo, lakini ambalo sisi mafundi umeme wa Dar es Salaam tunakutana nalo karibu kila tunapoitwa kufunga taa za mapambo, za matangazo au za tahadhari. Jambo lenyewe ni kasi ya kumeta kwa taa za LED, hasa zile zinazouzwa kwa sifa ya kumeta polepole. Mteja wa siku hizi anajua kuuliza wati, anajua kuchagua rangi, na akiwa makini huuliza pia kama taa inahimili mvua; lakini ni nadra kumsikia akiuliza taa hiyo inawaka na kufifia mara ngapi kwa dakika. Muuzaji naye humjibu kwa neno moja kati ya mawili, "polepole" au "haraka", na maneno hayo kila mtu huyapima kwa mizani yake. Ndiyo maana taa iliyonunuliwa kwa ajili ya kutuliza macho chumbani hufika nyumbani ikaonekana ina kasi ya indiketa ya gari, na mwenye nyumba akaamua kuizima moja kwa moja, fedha yake ikiwa imekwisha kwenda.

Mkanganyiko huu unaanzia kwenye boksi lenyewe. Maboksi mengi ya taa yanayouzwa Kariakoo yana maandishi madogo ubavuni yanayosomeka 220–240V na 50/60Hz. Nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya duka moja la vifaa vya umeme nikisubiri waya, nikamsikia kijana wa dukani akimweleza mama mmoja, huku ameweka kidole juu ya herufi hizo, kwamba taa ile "ni ya hamsini", na kwamba za hamsini ndizo za polepole kwa kuwa zipo pia za sitini. Mama aliridhika, akalipa, akaondoka. Kijana yule hakuwa na nia ya kumdanganya mtu; alisoma alichokikuta kimeandikwa. Lakini namba ile haihusiani hata kidogo na kumeta. Inaeleza umeme unaotoka ukutani, ambao hapa kwetu hubadili mwelekeo wake katika mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ambayo saketi yake ya ndani ni duni huweza kufuata umeme huo na kutetema mara 100 kwa sekunde. Mtetemo huo jicho la kawaida halioni kuwa ni kumeta, ingawa kamera ya simu mara nyingi huuonyesha kama mistari myeusi inayopita juu ya picha. Kasi ya kumeta tunayoiona na kuinunua hupangwa na chipu ndogo iliyo ndani ya taa au ndani ya kiboksi cha kubadilishia mitindo, na kasi hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo isiyoandikwa popote.

Kipimo cha kasi hii ni hezi, kilichopewa jina la mwanafizikia wa Ujerumani, Heinrich Hertz. Hezi moja ni mzunguko mmoja kamili kwa sekunde, yaani kuwaka, kuzima na kurudi pale ulipoanzia. Kwa redio na umeme wa gridi kipimo hicho kinafaa sana, lakini kwa taa za polepole kinatuingiza kwenye desimali ambazo hazimsaidii mnunuzi: taa inayometa mara 30 kwa dakika ni ya hezi 0.5, na inayometa mara 15 ni ya hezi 0.25. Ninaona ni afadhali tuseme mara ngapi kwa dakika, kama wauguzi wanavyohesabu mapigo ya moyo, kwa sababu namba hiyo kila mtu anaweza kuihakiki mwenyewe kwa kutumia saa.

Kuna mtego mwingine unaowakamata hata mafundi. Kwenye karatasi za maelezo utakuta mahali pameandikwa 2Hz na mahali pengine 2s, na wengi husoma namba 2 wakaacha herufi. Tofauti kati yake ni mara nne. Ya kwanza inamaanisha mizunguko miwili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika, kasi ambayo hakuna atakayeiita ya polepole. Ya pili inamaanisha mzunguko mmoja kila baada ya sekunde mbili, yaani 30 kwa dakika. Tena kwa taa zinazoongezeka mwanga taratibu na kufifia taratibu, zile sekunde mbili huenda zikawa ni za kupanda peke yake, kisha zikafuata nyingine mbili za kushuka, na hapo mzunguko mzima unachukua sekunde nne na kasi yake ni 15 kwa dakika. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu "sekunde ngapi", bali aulize sekunde ngapi kutoka mwanga unapofika kileleni hadi unapofika tena kileleni.

Pale ambapo hakuna maandishi, na ndipo mara nyingi tunapokuwa, dawa ni kuomba taa iwashwe dukani na kuihesabu. Wengi hukosea kwa sababu huanza kuhesabu "moja" taa inapowaka mara ya kwanza. Mwako wa kwanza ni sifuri, kwa kuwa ndipo saa inapoanza. Tunachohesabu ni vipindi vilivyopita kati ya mwako na mwako. Kwa taa ya haraka kosa hilo halionekani, lakini kwa taa ya polepole sana iliyohesabiwa kwa sekunde 20 tu linaweza kuifanya ya 12 kwa dakika ionekane kuwa ya 15. Hesabu dakika nzima ikiwezekana. Ikiwa taa inakimbia kiasi cha kutohesabika kwa jicho, irekodi kwa simu kwa ile video ya mwendo wa polepole, kisha hesabu ukitazama. Ingawa taa iliyofika hapo, kwa maoni yangu, imekwisha kujitoa katika kundi la taa za polepole.

Swali linalofuata ni kasi ipi inafaa kwa kazi ipi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kumeta ni pambo tu, kila mtu achague apendavyo. Sivyo. Kwa miaka mingi wataalamu wa fani mbalimbali wamezipa kasi za kumeta maana, na macho yetu yamezizoea maana hizo hata kama hatujawahi kuzisoma. Indiketa za magari, kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi, humeta kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kwenye mashine za hospitali, kiwango cha kimataifa cha kengele za vifaa tiba, IEC 60601-1-8, kinataka taa nyekundu ya dharura imete kati ya hezi 1.4 na 2.8, yaani mara 84 hadi 168 kwa dakika, na taa ya njano ya tahadhari ya wastani imete kati ya hezi 0.4 na 0.8, yaani mara 24 hadi 48. Kati ya kasi hizo mbili pameachwa pengo, hivyo muuguzi aliye upande wa pili wa wodi anaweza kutofautisha jambo la kukimbilia na jambo la kwenda kulitazama, hata kabla hajaisoma skrini. Taa nyekundu zinazometa juu ya minara ya simu na majengo marefu ili kuwatahadharisha marubani zimewekewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kiwango cha mara 20 hadi 60 kwa dakika, kwa zile za mwanga wa wastani.

Baharini maana hizo ni za ndani zaidi. Anayevuka usiku kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni anaweza kuziona taa za maboya kuwa ni vimulimuli tu, lakini kwa nahodha kila taa ina tabia yake. Katika mfumo wa IALA, shirika la kimataifa la alama na taa za kuongozea vyombo vya majini, ambao umegawa dunia katika kanda mbili na nchi yetu imo katika kanda A, taa ya kumeta kwa kawaida haifiki mara 50 kwa dakika. Ya haraka inaanzia 50 hadi 79, na ya haraka sana ni kuanzia 80 hadi 159. Boya linaloonyesha kwamba maji salama yako upande wa mashariki humeta mara tatu kwa mfululizo kisha hutulia. La kusini humeta mara sita na kumalizia na mwako mmoja mrefu wa sekunde mbili au zaidi. La magharibi humeta mara tisa. Na la kaskazini humeta bila kupumzika. Nahodha hushika saa akapima mzunguko mzima kabla hajaamini alichokiona. Kwa sababu hiyo ninaona si busara kwa wenye hoteli na baa za ufukweni kufunga taa nyeupe, nyekundu au kijani zinazometa zikitazama bahari. Kama ni lazima zimete, basi zielekezwe nchi kavu au zifunikwe upande wa majini, kwani mvuvi anayerudi usiku ana taa za kutosha za kuzihesabu.

Tukitoka baharini tukarudi majumbani, kasi ninayoipendekeza kwa chumba cha kupumzikia, sehemu ya kungojea wagonjwa au kona ya mapambo ni kati ya mara 10 na 20 kwa dakika, tena kwa taa inayopanda na kushuka taratibu badala ya kuwaka ghafla na kuzima ghafla. Mtu mzima aliyepumzika hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika, na watengenezaji wamelitambua hilo zamani. Kampuni ya Apple ya Marekani ilipewa hataza mwaka 2003 kwa taa ndogo ya kompyuta iliyo katika hali ya usingizi, ambayo mwanga wake unafuata mwendo wa pumzi. Ukivuka mara 40 kwa dakika chumbani, jicho huanza kuifuata taa bila kutaka, na mazungumzo hukatika. Wengine watasema ni suala la mazoea. Mimi nasema wakae nayo jioni moja.

Lakini upolepole huohuo unaotuliza sebuleni ni hatari barabarani, na hili linahitaji hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mwenye mkokoteni au baiskeli anayefunga nyuma taa ya mapambo inayometa mara 15 kwa dakika ameweka sekunde nne kati ya mwako na mwako, na katika sekunde hizo nne gari lililo nyuma yake limekwisha kusogea zaidi ya mita 55. Dereva aliyetazama pembeni kidogo anaweza kuukosa mwako mmoja, na mwako unaofuata ukamkuta amefika. Uingereza iliporuhusu taa za kumeta kwenye baiskeli mwaka 2005 iliweka sharti la mara 60 hadi 240 kwa dakika, na Ujerumani hairuhusu taa ya mbele wala ya nyuma ya baiskeli imete, inataka iwake moja kwa moja. Mimi ningewashauri vijana wetu wa maguta na baiskeli wafunge taa nyekundu inayowaka bila kukatika, na wakitaka ya kumeta waiongeze pembeni yake, si badala yake.

Kwa upande wa bodaboda na bajaji kuna tatizo la kinyume chake. Mtu anatoa balbu ya kawaida ya indiketa, anaweka ya LED inayokula umeme kidogo sana, halafu anashangaa indiketa imegoma kumeta au imeanza kukimbia. Flasha, yaani kile kifaa kinachokata na kuunganisha umeme ili indiketa imete, ikiwa ni ya zamani inayofanya kazi kwa joto inahitaji mkondo mkubwa wa umeme ili ipate moto na kukata. Mkondo wa LED hautoshi, kwa hiyo taa hubaki imewaka tu au humeta kwa kusuasua. Flasha ya kielektroniki nayo hudhani balbu moja imeungua, ikaongeza kasi makusudi ili kumwarifu dereva. Suluhisho ni kununua flasha ya LED, ambayo kasi yake haitegemei umeme unaovutwa na balbu, na si kuzungusha waya kwenye rezista isiyo na kipimo iliyobandikwa kwenye plastiki.

Kasi peke yake hata hivyo haimalizi maelezo ya taa. Taa mbili zinaweza kumeta mara 30 kwa dakika kila moja, moja ikawaka sekunde nzima na kuzima sekunde nzima, nyingine ikawaka kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde na kukaa gizani muda wote uliobaki. Namba ni ileile, lakini macho huziona kuwa taa tofauti kabisa. Wafaransa wawili, Blondel na Rey, waliipa hali hii kanuni mwaka 1911, nayo hutumika hadi leo kwa taa za baharini: chukua muda wa mwako kwa sekunde, ugawe kwa muda huohuo ukiongezwa 0.2, na jibu ni sehemu ya mwanga ambayo jicho huihisi kutoka mbali. Mwako wa sekunde 0.2 huonekana una nusu ya nguvu ya taa ileile ikiwashwa moja kwa moja. Mwako wa sekunde 0.1 huonekana una theluthi moja. Kwa hiyo anayelalamika kwamba taa yake ya getini inayotumia sola ina mwanga hafifu, pengine LED yake haina kasoro yoyote, ila mwako wake ni mfupi mno. Mwako mfupi una faida yake pia, nayo ni betri. LED inayovuta miliampia 20 ikiwaka sehemu ya kumi tu ya muda hutumia wastani wa miliampia 2, na betri ya miliampia-saa 1,000 kwa hesabu ya karatasini itaiendesha saa 500 badala ya 50. Mnunuzi achague anachokitaka, mwanga au betri, lakini aambiwe kwamba anachagua.

Na zile zinazopanda na kushuka taratibu zina siri yake. LED kwa kawaida haipunguzwi mwanga kwa kupunguziwa umeme kidogo kidogo kama zilivyokuwa balbu za zamani. Mara nyingi chipu huiwasha na kuizima mamia ya mara kwa sekunde, ikibadilisha urefu wa kila mwako. Kwa hiyo ndani ya taa moja mna kasi mbili, ile ya chini tunayoiona na ile ya juu tusiyotakiwa kuiona. Kiwanda kikiifanya ile ya juu kuwa ndogo ili kupunguza gharama, mtu akigeuza macho ghafla huona nukta nyingi mahali pa taa moja, na baadhi ya watu huumwa kichwa. Kisha jicho la binadamu halipimi mwanga kwa rula: mwanga unaofikia takriban asilimia 18 tu ya kilele huonekana kuwa nusu. Taa ambayo chipu yake inapanda kwa hatua zilizo sawa hufanya macho yaone mruko mkubwa mwanzoni, halafu kimya kirefu karibu na kilele, na mteja husema taa "inashtuka". Ni kweli inashtuka, na haitatibika kwa kubadilisha rangi. Ukiijaribu dukani, zuia mwanga wa nje kwa mkono na utazame pale inapotoka gizani, kwani ubora au ubovu wake unaonekana hapo.

Taa za waya mrefu zinazofungwa wakati wa Krismasi, Idi na harusi nyingi huja na kiboksi chenye kitufe kimoja na mitindo minane. Mmoja wa mitindo hiyo ni wa kufifia polepole, nao ndio unaomfanya mteja anunue. Katika viboksi vingi vya bei nafuu chipu haina kumbukumbu. Umeme ukikatika na kurudi, taa hurudi kwenye mtindo wa kwanza, ambao kwa kawaida huchanganya yote, pamoja na ule wa kumeta kwa kasi. Hapa kwetu, ambako umeme hukatika pasipo taarifa, maana yake ni kwamba taa uliyoichagua kwa upole wake itakuwa inametameta ovyo usiku wa manane wakati wewe umelala au hupo. Kuijaribu ni jambo la sekunde chache: chagua mtindo wa polepole, chomoa, chomeka tena. Muuzaji akikataa jaribio hilo, hilo nalo ni jibu.

Silisemi hilo kwa ajili ya uzuri wa macho tu. Wapo watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na ingawa ni sehemu ndogo ya wenye kifafa, watoto na vijana wamo zaidi. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, sehemu ya katuni ya Pokémon iliyomulika rangi nyekundu na bluu takriban mara 12 kwa sekunde iliwapeleka watoto zaidi ya 600 hospitalini. Kasi zinazotajwa kuwa za hatari zaidi ni kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde, na miongozo ya maudhui ya skrini husisitiza isizidi mimuliko mitatu kwa sekunde moja. Taa ya mara 15 au 30 kwa dakika iko mbali kabisa na eneo hilo. Mtindo wa kasi uliojirudisha wenyewe baada ya umeme kukatika huenda usiwe mbali.

Kwa mafundi wenzangu wanaotengeneza wenyewe kwa chipu ya 555, ile ya kupangia muda, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo bado inapatikana Kariakoo kwa bei ya soda, ninakumbusha kwamba kasi iko kwenye kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji ya umeme. Ukiwa na rezista ya omu 10,000 na nyingine ya omu 68,000, kapasita ya mikrofaradi 10 hukupa karibu mara 59 kwa dakika, ya 22 hukupa karibu 27, na ya 47 hukupa karibu 13. Lakini kapasita hizo za kopo huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo ile 27 yako inaweza kuwa chochote kati ya 22 na 34, na taa mbili ulizozitengeneza siku moja hazitakwenda pamoja. Ya 30 na ya 31 zitakutana mara moja tu kila dakika kisha ziachane. Anayetaka taa za bango zima zimete kwa pamoja aziendeshe zote kwa saketi moja. Joto la jua nalo hukausha kapasita, uwezo wake ukapungua, na taa ikaanza kuongeza kasi kadiri inavyozeeka. Bango la miaka mingi linalokimbia kuliko lilivyofungwa linataka kapasita mpya, si mganga.

Ombi langu kwa waagizaji wa taa na kwa Shirika la Viwango Tanzania ni dogo. Kwenye kila boksi la taa inayometa uwekwe mstari mmoja wa Kiswahili unaosema, kwa mfano: "Humeta mara 15 kwa dakika, huwaka nusu ya muda, hupanda na kufifia taratibu, hukumbuka mtindo umeme unapokatika." Hakuna maabara mpya inayohitajika kwa hilo, kwa kuwa kiwanda kilichotengeneza chipu kinazijua namba zote hizo na kwa kawaida huzitoa kwa mwagizaji akiziomba kabla ya kulipia mzigo. Na pale ambapo taa ina mitindo minane, iandikwe kasi ya mtindo ule ulio wa kwanza, kwa sababu huo ndio utakaowaka kila mara umeme unaporudi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi umeme,
Temeke, Dar es Salaam.